Kumtoa Askari Mhanga

Kwa sisi tuliokulia kwenye bao, sataranji ina somo moja gumu: kumtoa askari bure. Katika bao kete iliyoliwa haitoki mchezoni. Huhamia kwa mlaji na kumtumikia. Ndiyo maana nilipoanza kujifunza hapa Kinyerezi, jioni baada ya kazi, mkono ulisita kila kitabu kiliponiagiza kumsogeza askari mdomoni mwa adui.

Historia ndiyo iliyonipa moyo. Mwaka 1561 padre wa Hispania, Ruy López, aliuita ufunguzi wa namna hii kwa neno lililotoka Kiitalia, lenye maana ya kumpiga mtu ngwala. Katika miaka ya 1820 William Davies Evans wa Wales, nahodha wa meli ya barua, alibuni wa kwake: katika mwendo wa nne, askari huwekwa b4. Adui akimla, askari mwingine humfukuza mlaji. Naye akikimbia, wewe unateka katikati ya ubao.

Kwa hiyo askari yule ni bei ya wakati. Lakini wakati huo huisha. Emanuel Lasker, bingwa wa dunia toka 1894 hadi 1921, alionyesha kuwa mlaji akimrudisha askari mapema, shambulio hupoa. Hata hivyo, mwaka 1995 mjini Riga, Garry Kasparov alimshinda Viswanathan Anand kwa ufunguzi huo huo.

Kwa anayeanza nashauri hivi: ukishamtoa askari, usipoteze mwendo kumtafuta. Toa farasi, ficha mfalme, kisha shambulia.