Injini Isiyo na Rejeta: Ndoto ya Kulifungia Joto Ndani ya Silinda

Fungua boneti ya gari lolote linalotumia petroli au dizeli. Utakuta rejeta, feni na mipira ya maji. Umewahi kujiuliza vyote hivyo vinafanya nini? Kwa ufupi, vinatupa nje hela yako. Kwa makadirio ya kawaida, karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta uliyolipia inaondoka na maji ya kupozea, theluthi nyingine inatoka na moshi, na inayobaki ndiyo inayosukuma gari.

Sasa, mtu yeyote mwenye akili ya biashara atauliza: kwa nini tusilizuie joto hilo lisitoke? Tupake kichwa cha pistoni kitu kisichopitisha joto, tutoe rejeta, kazi imeisha. Wazo hilo limewahi kujaribiwa kwa dhati kabisa. Kilichotokea kinafaa kujulikana na kila anayesoma sayansi, na hata na anayeshinda gereji.

Pistoni inayoishi kwa kuvuja

Tuanze mwaka 1913. W. O. Bentley, Mwingereza aliyekuwa akiuza magari ya DFP kutoka Ufaransa, alitembelea kiwanda chao akaona mezani kigandamizo cha karatasi chenye umbo la pistoni, kimetengenezwa kwa aluminiamu. Wakati huo pistoni nyingi zilikuwa za chuma, nzito. Bentley akaomba atengenezewe za kweli za aluminiamu iliyochanganywa na shaba kidogo, akazitumia kwenye mbio za Brooklands. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, akalipeleka wazo hilo kwa watengenezaji wa injini za ndege.

Lakini subiri kidogo. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na gesi inayoungua ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000. Mbona pistoni haiyeyuki? Kwa sababu aluminiamu hupitisha joto haraka sana: linapoingia juu, linakimbilia kwenye ringi, ukuta wa silinda na oili kabla halijaleta madhara. Yaani pistoni inapona kwa kuvujisha joto lile lile tunalolililia. Ugomvi wote wa miaka iliyofuata umejengwa juu ya jambo hilo.

Zirkonia yaingia

Dawa iliyotarajiwa ilitoka kwenye roketi na ndege. Zirkonia, jamaa wa vito vile vinavyouzwa kama almasi bandia, hupitisha joto kidogo mno ukilinganisha na metali. Tatizo ni kwamba zirkonia safi ikifika karibu nyuzi 1,170 hubadilisha mpangilio wa fuwele zake, ujazo nao unabadilika, kisha inapasuka. Katika miaka ya 1970, Stephan Stecura wa kituo cha NASA Lewis, Cleveland, alionyesha kwamba ukichanganya yitria kiasi cha asilimia 6 hadi 8, mpako unadumu vizuri zaidi. Mchanganyiko huo unalinda mapanga ya tabo za ndege mpaka leo.

Kama unafaa ndegeni, kwa nini usifae kwenye lori? Roy Kamo wa kampuni ya Cummins na Walter Bryzik wa Jeshi la Marekani walianza mradi wa injini ya dizeli isiyopozwa kwa maji. Jeshi lilikuwa na sababu nzuri: rejeta inachukua nafasi, na risasi moja inatosha kuliua gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliweka injini ya namna hiyo, yenye mipako ya zirkonia, kwenye lori la jeshi la tani 5, wakaliendesha barabarani bila rejeta. Ndoto ilikuwa imetimia, au ndivyo ilivyoonekana.

Swali kutoka Munich

Mwaka 1987, Gerhard Woschni na wenzake wa Munich walichapisha makala ambayo kichwa chake kiliishia na alama ya kuuliza: je, kuzuia joto la kuta kunapunguza kweli ulaji wa mafuta? Woschni hakuwa mgeni. Tangu 1967 wahandisi walikuwa wakitumia fomula yake kukokotoa joto linaloingia kwenye kuta za silinda. Vipimo vyake sasa vilionyesha kinyume cha matumaini: pistoni iliyozuiwa joto ilifanya injini ile mafuta zaidi.

Kwa nini? Fikiria chungu cha udongo. Kikishapata moto, kinabaki cha moto. Mpako mnene nao ni hivyo hivyo: ukuta unabaki wa moto mzunguko mzima, hata wakati hewa mpya inaingia. Hewa ikigusa ukuta huo inatanuka, kwa hiyo inaingia kidogo na inakuwa ngumu zaidi kugandamizwa. Kwenye petroli ni hatari zaidi, kwani mchanganyiko unaweza kujiwasha kabla ya wakati, injini ikaanza kugonga. Joto lingine lililookolewa halikuigeukia krenki, lilitoka na moshi. Oili nayo iliungua. Tena aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya zirkonia, kwa hiyo mpako ulielekea kubanduka.

Siri ilikuwa kwenye muda

Jibu lililokuja baadaye linashangaza kwa urahisi wake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mzima wa mipigo minne unachukua milisekunde 40 tu. Je, ukuta ukiweza kupanda joto pamoja na moto, halafu ukapoa hewa mpya inapoingia? Hapo unahitaji mpako usiopitisha joto *na* usiotunza joto: mwembamba, mwepesi, wenye vitundu vingi.

Mwaka 2015 Toyota iliuingiza sokoni kwenye dizeli ya lita 2.8 iitwayo 1GD-FTV. Ndiyo, ile ya Hilux na Prado unazozipishana nazo barabarani. Uso wa pistoni unageuzwa kwa umeme na asidi kuwa oksidi yenye vitundu, kisha unaimarishwa kwa silika. Kwa kuwa oksidi imeota kutoka kwenye aluminiamu yenyewe, haiko kama rangi iliyobandikwa juu. Toyota ilitangaza kuwa joto linalopotea kwenye kuta wakati wa mwako lilipungua kwa hadi asilimia 30 hivi. Rejeta, lakini, bado ipo.

Na msuguano?

Huko pembeni mwa pistoni, inaposugua silinda, hadithi ilikuwa tulivu zaidi. Grafiti na disulfidi ya molibdeni zina tabaka zinazoteleza kama karata, hivyo hupakwa sehemu hiyo ili kuilinda oili inapochelewa kufika. Hapa kazi ni moja na inaeleweka.

Kwa hiyo mtu akikuambia mpako wa kichwa cha pistoni utakupunguzia mafuta, usimcheke wala usimlipe haraka. Muulize: una unene gani, na unapoa kwa muda gani? Kwenye gari la mashindano, mpako mnene unaweza kuwa na maana kama ngao ya kuikinga pistoni isiyeyuke. Hiyo ni kazi tofauti na kuokoa mafuta, na lori lile la tani 5 ndilo lililoifanya tofauti hiyo ionekane.