Mashemeji wa Langas

Gor Mahia na AFC Leopards hawajawahi kuwa na makao Eldoret. Kwa anwani ni timu za Nairobi. Kwa damu ni za Nyanza na Magharibi. Lakini wiki ya mechi yao ya ligi, Mechi ya Mashemeji, ikifika, mtaa wetu wa Langas hugawanyika kuanzia kibanda cha chapati hadi steji ya bodaboda: jezi za kijani za Gor upande huu, za buluu na nyeupe za Leopards upande ule. Nimekulia hapa, na kadiri umri unavyosonga ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba historia ya timu hizi haielezeki kwa kuhesabu vikombe peke yake. Lazima uwatazame watu waliotoka kwao kwenda kutafuta kazi mbali, wakasafiri na timu zao.

Eldoret ni mji wa watu wa aina hiyo. Makaburu walifika Uasin Gishu mwaka 1908, wakajigawia ardhi ambayo haikuwa yao. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, na hadi leo wazee wa Kikalenjin wanauita mji huu Sisibo, yaani "sixty-four". Reli ilifika 1924. Baada ya uhuru vikaja viwanda vya nguo na sufi, na kampuni ya maziwa ya KCC ikaendelea kupokea maziwa ya nyanda hizi. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa mwaka 1976, na habari zikaenea Siaya, Vihiga, Busia na Kakamega kwamba Eldoret kuna kazi ya shifti yenye mshahara wa kila mwezi. Baba yangu alitoka Seme na kuajiriwa kwenye ukumbi wa kufuma. Mama ni Mmaragoli. Walikutana hapa hapa, kama maelfu ya wengine waliopanga vyumba vya mabati vilivyotazamana, Mjaluo huku na Mluhya kule, bomba la maji likiwa moja.

Timu zenyewe zilizaliwa katika maisha kama hayo, ila zilizaliwa Nairobi. Kabla ya uhuru, Waluhya wa jijini walikuwa na klabu nyingi zenye majina ya kwao: Marama, Bunyore, Samia, Kisa, Tiriki. Mpira wa Jumapili ulikwenda sambamba na shughuli za vyama vya kusaidiana. Mtu akifiwa, wenzake walichanga nauli ya kusafirisha maiti hadi nyumbani. Kijana akishuka kwenye basi bila kazi wala jamaa, alitafutiwa pa kulala. Mwaka 1964 klabu hizo ziliunganishwa, ikazaliwa Abaluhya United. Joe Kadenge, kijana wa Kimaragoli ambaye mguu wake ulifanya watangazaji wa redio wapaze sauti "Kadenge na mpira" hadi maneno hayo yakawa msemo wa nchi nzima, alikuwa nyota wake mkubwa.

Waluo nao walikuwa na Luo Union, chama kilichotandaa hadi miji ya Uganda na Tanganyika, na timu yake ilitwaa ligi ya Kenya mwaka 1964. Kisha Abaluhya wakashinda 1966, wakarudia 1967. Sidhani kama ni bahati tu kwamba miezi michache baadaye, tarehe 17 Februari 1968, Luo Union na Luo Stars ziliunganishwa kuwa timu moja, ikapewa jina la Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa ambaye hadithi za uwezo wake husimuliwa Nyanza nzima. Jirani alikuwa ameonyesha faida ya kuungana. Timu hiyo mpya ilitwaa ubingwa mwaka ule ule wa kwanza. Tangu siku hiyo mmoja amekuwa akimkimbiza mwenzake.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe na majina ya kikabila yaondolewe. Abaluhya wakawa AFC Leopards, Luo Union iliyokuwa imefufuka ikawa Re-Union. Jina lilibadilishwa kwa amri, lakini mashabiki hawakuhama. Wazee wa Langas waliendelea kulipa ada zao kama kawaida, na Ingwe, yaani Leopards, akazidi kupendwa.

Hapo ndipo inapoanza miaka ambayo siwezi kuipita haraka. Kuanzia 1979 hadi 1993, misimu 15 mfululizo, ubingwa wa Kenya haukutoka nje ya nyumba hizi mbili. Gor waliuchukua mara 8, Leopards mara 7. Hapakuwa na wa tatu. Kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati nalo likawa lao: Abaluhya 1979, Gor 1980 na 1981, Leopards 1982, 1983 na 1984, kisha Gor tena 1985. Kwa miaka saba timu za Uganda, Tanzania, Sudan, Zambia na Malawi zilikuja kushindana, kombe likabaki Kenya. Fainali ya 1984 ilikuwa ya mashemeji wenyewe, Leopards wakashinda 2-1. Mwaka uliofuata wakakutana tena katika fainali, safari hii Khartoum, na Gor wakalipa deni 2-0.

Kwetu nyumbani mechi hizo zilisikilizwa kwa redio moja. Mawe ya redio, yaani betri, yakidhoofika, mama aliyaanika juu ya mabati tangu asubuhi ili yapate joto yasukume hadi dakika ya 90. Redio iliwekwa kwenye kigoda katikati ya chumba. Baba alikaa upande wa mlango, mjomba, kaka yake mama aliyekuwa akiishi nasi akifanya kazi KCC, upande wa kitanda. Hawakuitana majina hata siku moja. Ilikuwa "shemeji" asubuhi na "shemeji" jioni. Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba atakayefungwa ananunua nyama. Wakati mpira ukiwa karibu na lango, sisi watoto tuliamriwa tusipumue. Mara nyingine mawimbi yalipotea katikati ya shambulizi, na wote wawili wakaikimbilia redio kwa pamoja, kila mmoja akiizungusha upande anaoujua yeye. Nyama ilipoiva waliila kutoka sahani moja. Mama hakusema ni wa upande gani, lakini Leopards wakishinda vipande vya mjomba vilikuwa vikubwa kidogo.

Siku moja tu ndiyo ninayokumbuka nikimwona mjomba akiwaombea Gor kwa dhati. Tarehe 5 Desemba 1987, uwanja wa Kasarani ukiwa mpya kabisa, Gor Mahia walicheza marudio ya fainali ya Kombe la Washindi Afrika, lililokuwa likiitwa Kombe la Mandela, dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kule Tunis ilikwisha 2-2. Nairobi ilikwisha 1-1, Peter Dawo akiwa amefunga, na kwa mabao ya ugenini Gor wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la bara. Hakuna nyingine iliyofanya hivyo hadi leo. Miaka minane kabla, mwaka 1979, walikuwa wamefika fainali hiyo hiyo wakapondwa na Canon Yaoundé ya Kamerun 2-0 na 6-0. Mjomba alijua uchungu huo ulivyokuwa, akalia na baba kwa furaha.

Eldoret nayo ilikuwa na timu zake, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Viwanda vilikuwa na timu. Kijana mwenye kipaji aliajiriwa kiwandani, asubuhi akashika kazi, alasiri akaenda mazoezini, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara kama fundi mwingine yeyote. Kwa mpango huo Rivatex walitwaa Kombe la Moi mwaka 1990, wakalitwaa tena 1995. Mwaka 1997 likachukuliwa na Eldoret KCC. Makombe matatu ya kitaifa katika miaka minane, kwa mji ambao Wakenya wengi wanaujua kwa wakimbiaji peke yao. Kule Magharibi Mumias Sugar nao walilibeba 1996, kwa njia hiyo hiyo ya kiwanda. Kwa uwezo wa kifedha, timu hizi ziliwapita mashemeji mbali. Mchezaji wa Rivatex alilala akijua kodi ya nyumba imelipwa, jambo ambalo wengi wa Gor na Leopards hawakulijua.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa katika miaka ya 1990. Mitumba ikajaa masokoni, nguo iliyofumwa Eldoret ikakosa mnunuzi. Soko la maziwa nalo likaachiwa huru mwaka 1992, na KCC, iliyokuwapo tangu 1925, ikaanza kuyumba kwa madeni na usimamizi mbaya. Rivatex ilifunga milango. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, na mwaka 2019 Rais Uhuru Kenyatta akaja kuzindua mitambo mipya. Serikali ilifufua KCC kwa jina la New KCC mwaka 2003. Mashine zilirudi. Timu hazikurudi.

Baba aliishangilia Rivatex kwa moyo mweupe, na siku kombe lilipokuja mjini alikuwa miongoni mwa waliolipokea. Lakini alijua kwamba Rivatex ilikuwa timu ya mwajiri wake, na Gor ilikuwa yake. Tofauti hiyo ndiyo historia yote ninayojaribu kuisimulia. Timu ya kiwanda ikikosa kiwanda imekwisha siku hiyo. Timu ya watu ikikosa pesa inateseka, lakini inabaki.

Na hizi mbili zimeteseka kweli. Baada ya ubingwa wa 1995, Gor walikaa miaka 18 bila kuuona mwingine hadi 2013. Leopards hawajatwaa ligi tangu 1998, na mwaka 2006 walishuka daraja kabisa. Nilifikiri huo ndio mwisho wao. Badala yake mashabiki wakawafuata kwenye viwanja vya vumbi vya ligi ya chini hadi waliporejea Ligi Kuu mwaka 2009. SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa ikizidhamini, walipoondoka mwaka 2019 baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni, klabu zote mbili zilibaki bila mdhamini, wachezaji wakakaa miezi bila mshahara, na bado mwaka uliofuata Gor wakawa mabingwa. Mwaka 2021 wakakutana kwenye fainali ya kombe uwanjani Nyayo, 0-0, Gor wakashinda kwa penalti 4-1.

Kuna wanaosema hizi ni timu za kikabila na zilipaswa kufa zamani. Ninawaheshimu, lakini siwakubali. Langas iliona moto na damu mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, na aliyeyaona hayo anajua chuki inavyofanana. Mechi ya Mashemeji haifanani nayo. Leopards walilindwa langoni na Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa, wakafundishwa na Robert Kiberu wa Uganda, na hakuna shabiki aliyeuliza kwao ni wapi. Palipo na aibu tuiseme: tarehe 18 Machi 2012 uwanjani Nyayo, mchezaji wa Gor alipoonyeshwa kadi nyekundu, viti viling'olewa na kurushwa, mechi ikasimama kwa muda mrefu na watu wakaumia. Hilo lilikuwa kosa la mashabiki wa upande ambao baba alinirithisha, na halina utetezi.

Mjomba alirudi Vihiga kustaafu. Baba hayupo tena. Vijana wa steji wanaobishana wiki hii juu ya nani atafunga hawajui kwamba mji wao, uliopata hadhi ya jiji mwaka 2024, uliwahi kubeba kombe la taifa mara tatu. Hawajui kwa sababu hatujawaambia. Orodha za wachezaji wa Gor na Leopards wa miaka ya 1980 zinakaririwa na watoto. Za Rivatex zinakaririwa na wazee wachache, nao wanapungua.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wewe uliyechezea Rivatex 1990 au 1995, au KCC ya 1997, au uliyefua jezi zao au kuendesha basi lao, andika majina unayoyakumbuka na tarehe zake. Chuo Kikuu cha Moi ndicho chenye kiwanda. Maktaba yake na iwe na kabati la picha hizo kabla hazijaliwa na mchwa. Na wewe unayepanda basi la usiku kwenda kuwaona mashemeji, uwe wa kijani au wa buluu, lipa tiketi yako langoni, usiruke ukuta. Kisha lipa ada yako ya uanachama, maana klabu hizi hazina kiwanda cha kuzilipia.