Sheria ya Bangi na Hesabu ya Vichwa Bungeni



Askari wa kizuizini katika barabara ya Arua na Koboko, akilikuta furushi la bangi chini ya kiti cha gari, humkamata mwenyewe kwa jina la sheria. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliitangua sheria hiyo.

Wengi walishangilia wakidhani kwamba majaji wamehalalisha bangi. Sivyo. Waliofungua shauri walikuwa wakulima na wafanya biashara wa mairungi wa Wakiso, na majaji hawakupima madhara ya jani lo lote. Walitazama hesabu ya vichwa. Katiba, ibara ya 88, yataka akidi kila Bunge lipigapo kura; sheria ya mwaka 2015 ilikuwa imepitishwa pasipo akidi hiyo kuhakikishwa. Ikaanguka yote, heroini na bangi pamoja.

Huko Marekani, jimbo la Oregon lilifika kwa njia nyingine. Mwaka 1973 watunga sheria wake waliamua kwa kusudi kwamba akutwaye na bangi isiyozidi aunsi moja alipe faini, asifungwe. Sheria ya shirikisho iliendelea kuikataza, na aliyevuka mpaka wa jimbo na kijifurushi chake aliweza kuingia gerezani.

Wazee wa Nile Magharibi watalielewa jambo hilo upesi. Nchi yao, ikiitwa Lado, ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1910 ikawa ya Sudan, na mwaka 1914 upande wa kusini ukatiwa Uganda. Mkulima hakuhamisha hata jembe lake, ila sheria zilimpitia juu ya kichwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925, ulioiweka bangi chini ya udhibiti wa mataifa, alikuwa hakuulizwa habari zake.

Agosti 2023 Bunge lilipitisha mswada mpya, ukawa sheria, nao wakataza bangi na mairungi pasipo kibali cha serikali. Askari wa Koboko amerudishiwa mamlaka yake. Ama kijana mwenye msokoto mmoja mfukoni, kama astahili gereza au faini tu, swali lake halikuwamo kabisa katika shauri la Wakiso.