Chini ya zulia la Volksie: nani anaitwa fundi?

Ukitaka kujua umri halisi wa gari la kale, usiangalie rangi. Rangi hupakwa upya. Toa viti, nyanyua zulia, utazame sakafu. Hapo ndipo utaona kutu, viraka, na kazi ya mikono ya watu ambao majina yao hayajaandikwa popote.

Baada ya kipindi chetu kilichopita, wengi mliuliza: kwa nini baba yangu na wenzake wanahangaika na Volksie lililooza sakafu, wakati hapa Joubert Park mtu akitaka usafiri anateremka tu mpaka stendi ya teksi ya Noord? Nilianza kujibu kwa sauti, nikaona jibu ni refu. Basi naliandika hapa. Ni historia ya gari, ndiyo, lakini zaidi ni historia ya neno moja tunalolitamka kila siku: fundi.

Ndugu wasiosalimiana

Volksie ndilo jina la hapa Afrika Kusini la Volkswagen Beetle, lile gari la mgongo wa kobe. Lilibuniwa Ujerumani miaka ya 1930, enzi ya Hitler, na wakati wa vita kiwanda chake kilitumia wafanyakazi wa kulazimishwa. Baada ya vita likageuka gari la mtu wa kawaida. Dunia nzima yametengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho Mexico mwaka 2003.

Hapa Afrika Kusini, la kwanza lilitoka kiwandani Uitenhage, mji ambao leo unaitwa Kariega, tarehe 31 Agosti 1951. Uzalishaji ulikoma 1979, baada ya magari zaidi ya 288,000. Kwa hiyo ukiliona Volksie Joburg leo, lina zaidi ya miaka arobaini, na huenda mikono iliyoliunganisha ilikuwa ya wafanyakazi wa Eastern Cape.

Afrika Mashariki nako walilijua vizuri, tena kwa sifa ya mbio. Mashindano ya Safari yalianza 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962, kwenye vumbi na matope yaliyoyashinda magari makubwa. Wazee waliokuwa watoto wakati ule bado wanasimulia walivyosimama kando ya barabara kuyasubiri.

Lakini Volksie la Dar na Volksie la Joburg walikuwa ndugu wasiosalimiana. Mwaka 1959 Julius Nyerere alisimama London kwenye mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za makaburu. Tanganyika ikapata uhuru 1961, na msimamo ukawa huohuo. Sakafu ni ileile, boliti ni zilezile, ila katikati kulikuwa na mpaka wa siasa. Ukihitaji kipande cha sakafu Dar, hukuweza kukiagiza Uitenhage.

Sakafu inavyooza, na inavyopona

Sasa tuinue zulia. Sakafu ya Beetle ina vipande viwili vya bati, kushoto na kulia, vilivyoshikizwa kwenye mgongo wa chuma uliopita katikati. Ndani ya mgongo huo mna kebo, fimbo ya gia na bomba la petroli. Betri haiko mbele kama kwenye magari mengine, iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Asidi ikidondoka, au mpira wa kuzuia maji ukichoka na mvua ikaloweka zulia, kutu inaanza hapohapo. Ndiyo maana fundi mzoefu akiletewa Volksie, anakwenda moja kwa moja chini ya betri.

Joburg iko mbali na bahari, kwa hiyo bati linadumu. Dar ni habari nyingine. Chumvi ya bahari haina huruma.

Kazi yenyewe nimeijua kwa kushika taa. Kwanza betri inatoka, na tangi la petroli linatoka, maana cheche na petroli hazikai nyumba moja. Gari linasimamishwa limenyooka, na vyuma vya muda vinafungwa ndani kulishikilia, la sivyo ukishakata sakafu umbo linalegea na milango inagoma kufunga. Halafu baba anapita na nyundo ndogo: ngaa, ngaa, ngaa, dap. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa. Anachora mstari kwa chaki, kisha grenda inakata, na haikati pale penye tundu tu. Inakata mpaka kufika kwenye chuma kizima.

Hapo ndipo kwenye siri ya kazi yote. Kuchomelea kiraka juu ya kutu ni kuifunika tu, itaendelea kula huko chini. Bati jipya lina unene wa kama milimita moja, kwa hiyo moto mwingi mahali pamoja unalitoboa au kulikunja. Fundi hachomelei mstari mmoja mrefu. Anapiga nukta hapa, anarukia kule, anasubiri lipoe, anarudi. Nukta zikikutana, ndipo sakafu imeshika. Mwisho ni rangi ya kuzuia kutu, na lami kwa chini.

Baba alijifunza haya Gerezani, Dar es Salaam, kwa cheo ambacho hakina mshahara wa maana lakini kila fundi amekipitia: saidia fundi. Unafagia, unachota maji, unashika spana, unatazama. Waliomfundisha walikuwa wamepita kwenye uhaba wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokauka na vipuri kutoonekana. Walikuwa wanapasua pipa la mafuta, wanalinyoosha kwa nyundo, wanakata sakafu kwa kukadiria kwa macho. Gereji hizo watu waliziita gereji bubu. Kenya mafundi wa aina hiyo wanaitwa jua kali, na ni kazi kama zao huko Nairobi zilizowafanya wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, kwenye ripoti yao ya 1972 kuhusu Kenya, waandike kwamba huu si uvivu wala ukosefu wa kazi. Ni uchumi kamili, ila hauna karatasi.

Karatasi

Karatasi ndiyo iliyokuwa silaha hapa Afrika Kusini. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 1922 iliweka kiwango cha elimu kwa kijana anayetaka kusajiliwa kama mwanagenzi. Ukiisoma haraka, unaona haimtaji mtu kwa rangi. Lakini shule za kumfikisha mtoto mweusi kwenye kiwango hicho zilikuwa chache mno, kwa hiyo mlango ulifungwa bila kuandikwa kwamba umefungwa. Mwaka 1956 wakaongeza sheria iliyomruhusu waziri kutenga kazi fulani kwa rangi fulani. Matokeo yake unaweza kuyafikiria: mmoja anashika nyundo, mwingine anashika cheti.

Hayakubadilika kwa hisani. Tume ya Wiehahn iliundwa 1977, na 1979 serikali ikaanza kuvitambua vyama vya wafanyakazi weusi. Mwaka 1980 wafanyakazi wa Volkswagen huko Uitenhage waligoma wakidai randi 2 kwa saa. Randi mbili! Hao ndio waliokuwa wamelijenga gari ambalo leo watu wanalinunua kwa sababu ni zuri kwenye picha.

Mtaa wetu nao una viraka vyake. Joubert Park ni miongoni mwa bustani za kale kabisa za Johannesburg, na jumba la sanaa lililochorwa na Edwin Lutyens limekuwa hapo tangu 1915. Chini ya sheria ya maeneo ya 1950, huu ulikuwa mtaa wa wazungu. Miaka ya 1980 watu weusi walihamia hivyohivyo, sheria ikiwa bado ipo, na 1991 ikafutwa. Wazazi wetu wakaja baada ya hapo, kutoka Tanzania, Kenya, Kongo, wakiwa na ujuzi mikononi na hawana cheti mfukoni.

Na hapa historia inaingia sebuleni kwetu. Baba amechomelea magari zaidi ya miaka ishirini. Gereji moja kubwa ilimwita, ikamwona anavyofanya kazi, ikampenda, halafu ikauliza cheti. Mazungumzo yakaishia hapo. Leo nchi ina njia ya kuwatambua waliojifunzia kazini: unapeleka ushahidi wa kazi zako, ukipita unafanya mtihani wa ufundi, ukifaulu unapata cheti kilekile cha aliyesoma chuoni. Baba anautaka mtihani huo. Mikono haimpi wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wake ni Kiingereza. Tindo anaijua, bati analijua, anajua chuma kinavyobadilika rangi kikikaribia kutoboka. Vyote hivyo anavijua kwa Kiswahili.

Kwa hiyo jioni tunakaa mezani, mimi, dada yangu na yeye. Anataja neno, sisi tunatafuta la mtihani. Hapo nimegundua kwamba Kiswahili chetu tuliozaliwa huku ni cha jikoni na cha salamu. Shikamoo tunaijua, ugali tunaujua. Cha karakana hatukupewa, kwa sababu wazazi walitaka tuwe mbali na grisi.

Dada alipomwambia kwamba kwa Kizulu *ukufunda* ni kujifunza na *umfundi* ni mwanafunzi, alicheka sana. "Kumbe huku fundi bado yuko shule," akasema. Akanyamaza kidogo. "Ni kweli lakini. Hata mimi bado."

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma, na kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Mtoto wa fundi si lazima ashike nyundo, ila hawezi kukaa mbali na moto kabisa. Mimi sichomelei na sidhani nitakuja kuchomelea. Kuandika maneno haya ndiyo mivukuto yangu.

Nawaomba nanyi mfanye hivyo. Wiki hii mkae na mzee mmoja, awe fundi wa magari, wa viatu au wa cherehani, mumwombe ataje vifaa vyake kimoja kimoja huku mnarekodi. Mtutumie. Mtihani wa baba ukipata tarehe, orodha hiyo tutaihitaji, na si sisi peke yetu.