Shukrani kwa watoa huduma muhimu, Bungoma na Kitale (2020–2021)

Shukrani kwa watoa huduma muhimu ni heshima waliyopewa wauguzi, madaktari, polisi, wasafirishaji wa chakula na wengine walioruhusiwa kuendelea na kazi wakati wa kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020 ili kuzuia ugonjwa wa korona.

Nchini Uingereza majirani walisimama milangoni kila Alhamisi jioni wakipiga makofi. Nchini Kenya shukrani iliyojulikana zaidi ilitolewa na taifa, kwani katika Sikukuu ya Madaraka, tarehe 1 Juni 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitunuku watu 68 tuzo ya Uzalendo, wakiwemo wahudumu wa afya pamoja na Stephen Wamukota, mvulana wa miaka 9 wa kaunti ya Bungoma, ambaye alikuwa ameunda kwa mbao kifaa cha kunawia mikono kinachoendeshwa kwa mguu, ili anayenawa asiguse mahali palipoguswa na mwenzake. Kumlinda jirani kwa namna hiyo, na hivyo kumpunguzia muuguzi mzigo, ni shukrani yenye uzito kuliko makofi.

Hata hivyo, sifa hazikutosha: Desemba 2020 wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya afya, madai yaliyokuwa ya haki kabisa. Hata baada ya mgomo huo kazi yao iliendelea kuhitajika: Juni 2021 maambukizi yalipoongezeka magharibi mwa nchi, Bungoma na Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, zilikuwa miongoni mwa kaunti 13 zilizowekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri.