Reksini na vinaili

Mafundi wengi wa viti huita reksini kila kitambaa kinachofanana na ngozi. Asili yake ni Rexine, jina la biashara la Uingereza: kitambaa cha pamba kilichopakwa nitroselulosi. Viti vingi vya Volkswagen Beetle za miaka ya 1960 ni vya vinaili, yaani plastiki ya PVC juu ya kitambaa, na tofauti hiyo nailinda kwa moyo wote. Vinaili ina vilainishi ndani yake. Petroli au thina huviondoa, kiti kikakakamaa na kupasuka. Kwa kusafisha kiti, maji vuguvugu, sabuni isiyo kali na brashi laini vinatosha. Mshono ukifumuka, mwombe fundi apitishe sindano kwenye matundu yaleyale ya kiwandani. Matundu mapya hudhoofisha vinaili.