Riwaya za Upelelezi na Wasomaji wa Mwanga, Kigoma

Mwanga ninayoisema hapa si ile wilaya ya Mkoa wa Kilimanjaro. Ni mtaa wa mji wa Kigoma, juu ya kilima, katika njia itokayo kituo cha gari la moshi kwenda Ujiji. Ujiji ni mji wa kale wa misafara; ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mnamo Novemba 1871, na Kiswahili kilikuwa kikisemwa sokoni pake kabla mtoto yeyote wa pwani ile ya ziwa hajafundishwa kukisoma shuleni. Kigoma yenyewe iliinuka baada ya reli kuifikia mwaka wa 1914. Mwanga imekaa kati ya hiyo miwili, nayo ina soko lake, ambamo Waha, Wamanyema, Wabembe na watu watokao ng'ambo ya ziwa huuziana dagaa, mawese na muhogo kwa Kiswahili ambacho si cha Unguja wala si cha Kongo. Katika soko hilo, kando ya mafundi viatu, ndipo nilipoanza kusoma riwaya, nami nilikuwa mtoto wa darasa la sita.

Nayataja haya kwa sababu historia ya riwaya ya Kiswahili, kama ilivyoandikwa hata sasa, ni historia ya waandishi. Twajua nani aliandika nini na mwaka gani, na nani alimwiga nani. Habari za wasomaji ni chache mno, hasa wasomaji wa bara waliosoma kwa kujifurahisha tu, bila mtihani mbele yao. Makala hii yajaribu kuanza kazi hiyo kwa mtaa mmoja na aina moja ya vitabu, yaani riwaya za upelelezi, za ujasusi na za mapenzi yaliyochanganyika na hayo.

Vitabu vya kwanza vya namna hii havikuwa vyetu. Mwaka wa 1929 zilitoka tafsiri za Frederick Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, na kwa muda mrefu hizo ndizo zilizokuwa hadithi za kusisimua kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Lakini zilikuwa vitabu vya kabati la shule. Mwalimu ndiye aliyekuwa na ufunguo, na aliyesoma aliulizwa maswali baadaye. Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka wa 1948, ilitaka watu wasome hata nje ya shule, nayo ikaandaa mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka wa 1957-58. Mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikapigwa chapa mwaka wa 1960. Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, ana nasaba isiyofichika na yule mpelelezi wa Conan Doyle. Hilo limekwisha kusemwa na wengi, wala sina haja ya kulirudia. Ninalotaka kulisema ni kwamba Bwana Msa hakupendwa sana Mwanga. Walimu walimpenda. Sisi tulimwona ana maneno mengi ya Kiunguja na haraka kidogo. Mambo yake hutendeka katika mashamba na majumba ya watu wanaojuana toka ujombani, na nusu ya utamu wake umo katika ubishi wa Waunguja. Msomaji wa Kigoma aliyemaliza kitabu kile alikuwa amejifunza Kiswahili kizuri, lakini alikuwa amefanya kazi.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka wa 1965, ilikuwa jambo jingine. Ndani yake mna Dar es Salaam, simu, magari na polisi, na sentensi zake ni fupi. Mtu wa Mwanga aliyekuwa na ndugu Dar es Salaam, au aliyetumaini kwenda huko siku moja kwa gari la moshi, mwendo wa kilomita kama 1,250, alikiona kitabu hicho kuwa ni habari za mji ambao huenda akauingia.

Mwaka huo huo wa 1965 Kigoma ilikuwa na hadithi yake ya kweli, iliyozidi zote zilizobuniwa. Mwezi wa Aprili Ernesto Che Guevara alipita hapo kwa siri pamoja na Wakyuba wachache, akavuka ziwa usiku kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, na mwezi wa Novemba akarudi kwa njia hiyo hiyo akiwa ameshindwa. Wanalugha watapenda kukumbuka kwamba jina lake la siri lilikuwa la Kiswahili, Tatu, na kwamba wenziwe nao waliitwa kwa hesabu. Wazee wa bandarini walipokuwa wakituhadithia miaka ile, hawakumtaja kwa jina; walisema tu kwamba walipita watu, wakaonywa wasiulize. Basi vilipokuja vitabu vya Elvis Musiba, Kufa na Kupona mwaka wa 1974, kisha Kikosi cha Kisasi mwaka wa 1979 na Njama mwaka wa 1981, hatukuona ajabu kwamba kuna jasusi Mtanzania aitwaye Willy Gamba atumwaye kuwalinda wapigania uhuru, wala kwamba moja ya kazi zake yatendeka Kinshasa. Mhakiki aliyeko chuoni husema hii ni sura ya James Bond iliyopakwa rangi. Yawezekana. Lakini msomaji aliyekaa kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, ambaye ameona wakimbizi wakishuka mitumbwini na askari wakiulizana hati, hakuhitaji James Bond ili ayasadiki hayo.

Hapa yafaa kuuliza wasomaji wenyewe walitoka wapi. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1967, watu wazima wasiojua kusoma nchini Tanzania walikuwa kiasi cha asilimia 67. Baada ya kampeni za elimu ya watu wazima, na baada ya elimu ya msingi kuenezwa kwa wote kuanzia mwaka wa 1977, hesabu hiyo ilishuka, kwa takwimu za serikali, hata ikafikia karibu asilimia 10 mwaka wa 1986. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Walakini vitabu walivyopewa watu hao vilikuwa juu ya pamba, samaki, malezi na uzalishaji. Mtu aliyejifunza kusoma kwa kitabu cha kilimo bora hakifungui tena usiku ili apate raha. Hakuna kamati iliyopanga asome nini baadaye. Pengo hilo walilijaza Musiba, Edi Ganzel, Hammie Rajab na wenzao, na wachapaji wadogo wadogo waliouza vitabu vyembamba vya karatasi hafifu. Nathubutu kusema kwamba kwa kuutunza ujuzi wa kusoma usipotee, vitabu hivyo vilifanya zaidi ya vile vilivyoandikwa kwa kusudi hilo.

Kisha akaja mtu wa kwetu. Ben Mtobwa alizaliwa mkoani Kigoma mwaka wa 1958, akafariki mwaka wa 2008. Shujaa wake, Joram Kiango, si mtumishi wa serikali kama Willy Gamba. Ni mpelelezi wa kujitegemea, mzembe kwa nje, naye huandamana na msichana Nuru ambaye aghalabu ana akili kumzidi. Pesa Zako Zinanuka, Salamu kutoka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu? na Dar es Salaam Usiku, ambayo baadaye ilifasiriwa kwa Kiingereza, zilisomwa Mwanga kwa fahari ya pekee. Mtobwa alichapisha na gazeti, na mwisho akawa mchapaji wa vitabu vyake mwenyewe. Sitaki kukuza ujirani kupita kiasi, maana riwaya zake nyingi zimekaa Dar es Salaam. Hata hivyo, mtoto wa mitaa ile aliyeambiwa kwamba mwandishi wa kitabu alichoshika ametoka mkoa wake alikitazama kitabu kwa jicho jingine. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nadhani ndiyo sababu moja iliyonifanya niione lugha kuwa kazi ya mtu kama mimi.

Sasa nieleze vitabu vilivyosomwa. Karibu hakuna aliyenunua kipya. Fundi viatu mmoja wa sokoni alikuwa na sanduku la vitabu kama 30, akikodisha kila kimoja kwa siku moja, na aliyechelewa alitozwa mara mbili. Majalada yalikuwa yamekwisha kutoka. Alivishona kwa uzi wa viatu na kuvifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akaandika jina kwa kalamu ya risasi, mara nyingi si lile la mwandishi bali la shujaa: Willy wa Kongo, Joram wa Makaburu. Kitabu hakikusomwa na mtu mmoja. Penye kijiwe cha kinyozi alisoma mmoja kwa sauti, wengine wakamkatiza, wakabashiri muuaji, wakamtukana askari mjinga. Wanawake, kama nilivyoona nyumbani kwetu, walisomeana jioni wakati wa kuchambua dagaa, wakaziruka kurasa za bastola ili wafike penye mapenzi. Shuleni riwaya hizi zilikuwa haramu. Mwalimu mmoja alininyang'anya Njama katikati ya somo la siasa, nami nikachapwa. Jumamosi ile nilimwona chini ya mwembe akiisoma.

Nakala ile ya Njama ilikuwa imepotewa na kurasa za mwisho. Hakuna aliyejali sana, kwa kuwa kijiwe kilikuwa kimekwisha kukubaliana mwisho wake, na fundi viatu alimsimulia kila mkodishaji mpya asipate kudai arudishiwe fedha. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa masomoni Ulaya, niliikuta nakala kamili katika maktaba ya chuo kikuu, imetiwa jalada gumu, wala haikuonekana kama imepata kuazimwa. Niliisoma nimesimama. Mwisho wa Musiba si mwisho wa Mwanga. Nami nilitambua kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nimebeba matini ambayo haikupigwa chapa popote, na ambayo kwa watu wasiopungua mia ndiyo iliyokuwa Njama. Mtafiti atakayeandika juu ya mapokezi ya riwaya kwa kutazama nakala ya maktaba peke yake ataandika juu ya kitabu ambacho watu hao hawakukisoma.

Wanazuoni wetu hawakuvipenda vitabu hivi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 fasihi ilitakiwa ijenge jamii, na riwaya ya upelelezi ilihukumiwa kuwa yapumbaza, yaiga watu wa Magharibi, yamdhalilisha mwanamke. Likaja jina la fasihi pendwa, ambalo kwa sauti ni sifa na kwa matumizi ni shutuma, kana kwamba kupendwa ni dosari. Sikatai mashtaka yote. Mwanamke katika vitabu vingi vya aina hii ni kiuno tu, na nimesoma riwaya ambazo mwandishi wake hakumbuki katika sura ya nane nani alikufa katika sura ya pili. Lakini hukumu ile ilikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyakusudia: kwa kuwa vitabu havikuhesabiwa kuwa fasihi, maktaba hazikujishughulisha kuvikusanya.

Kwa mwanalugha hasara hiyo ni kubwa. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilichanganya l na r, nasi tuliandika hivyo katika daftari zetu mpaka macho yalipozoea kuona maneno yamepigwa chapa, tena maneno tuliyoyapenda. Maneno kama jasusi, kachero, njama, mshukiwa na hujuma hatukuyapata sokoni wala darasani. Tuliyapata kwa Musiba na Mtobwa. Mazungumzo ya wahusika yalitufunza pia jinsi ya kuandika kauli za watu zikafuatana bila "akasema" kila mara, jambo ambalo insha za shule hazikulifundisha. Mtu akitaka kujua Kiswahili sanifu, kilichowekewa msingi wake na kamati ya mwaka wa 1930, kilifikaje katika mkono wa kijana wa Kiha mwishoni mwa karne, ushahidi wake umo katika vitabu hivi. Navyo vinaisha.

Sisemi hivi kwa kukisia. Nilipokwenda Mwanga mara ya mwisho fundi viatu alikuwa amekwisha kufariki, na sanduku lake halikujulikana lilipo. Siku ya pili nilinunua karanga sokoni, nikafungiwa katika karatasi yenye chapa ya zamani. Nilipoikunjua nikaona ni kurasa za 61 na 62 za riwaya. Nilimrudia mwenye karanga; alisema zilizobaki zilikwisha juma lililopita. Katika ukurasa wa kwanza mwanamke anapokea simu katika hoteli iliyo karibu na bandari, na anayemsemesha hataki kujitaja. Katika wa pili Inspekta anakikuta chumba kitupu, na dirisha li wazi. Mwandishi ameandika "Inspekta" mara nne na "mkaguzi" mara moja, na amelitumia neno "kachero" kwa dhihaka, katika kinywa cha mhudumu wa hoteli. Nimezilinganisha kurasa hizo na riwaya zote nilizoweza kuzipata Dar es Salaam, nisifanikiwe. Msomaji wa jarida hili atakayezitambua atanisaidia sana, na akiwa na ukurasa wa 63, zaidi.